DIWANI, BARABARA YA MTAA NA MTARO ULIOZIBA: NANI AULIZWE NINI?

Wadau, masika ikikaribia simu ya diwani haipoi. Mwenye bajaji anapiga, mama ntilie anapiga, mwalimu mkuu anapiga, na wote wana neno moja tu: barabara. Kwenye mkutano wa hadhara wa kata ndo usiseme. Utamsikia mama mmoja anasimama na kanga yake begani, "Mheshimiwa, ulituahidi greda. Greda tumeliona, ila lilikuwa linapita kuelekea kwa wenzetu. Sisi kwani hatukukupigia kura?" Makofi! Diwani anakunywa maji kidogo, anakohoa, halafu anaanza maelezo marefu ya TARURA, TANROADS, mchakato, bajeti, upembuzi yakinifu... na watu wanarudi majumbani bila kujua kile walichokuja kukijua.

Makala hii ni ya huyo mama na wenzake. Tunaeleza diwani ana uwezo gani kwenye barabara na usafi wa mtaa, hana uwezo gani, na wewe mwananchi umbane wapi ili asiteleze. Ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao, kule kuna sheha ambaye anateuliwa, hachaguliwi.

BARABARA HII NI YA NANI?

Swali hili ndilo la kwanza na watu wengi wanaliruka. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000. Hizo ndizo zinazounganisha mikoa na wilaya, na nyingi ndiko yanakopita mabasi na malori. Barabara za wilaya, yaani za mijini na vijijini zinazoingia kwenye kata na mitaa yetu, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza Julai 2017 chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI.

Kabla ya 2017 mambo yalikuwa tofauti. Halmashauri ilikuwa na mhandisi wake, na huyo mhandisi alikuwa anakaa mbele ya Baraza la Madiwani anajibu maswali. Diwani mkali alikuwa anaweza kumtoa jasho. Hoja ya kuanzisha TARURA ilikuwa kwamba fedha za barabara zilikuwa zinapotea na kugawanywa kisiasa, kila diwani anavutia kwake kilomita moja, mwisho wa siku hakuna barabara hata moja inayokamilika. Hoja hiyo ina ukweli wake, tusidanganyane. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu uliyempigia kura si bosi wa mtu anayechonga barabara yako. Meneja wa TARURA wa wilaya anawajibika kwa wakala, sio kwa diwani. Ndiyo maana baadhi ya madiwani na wabunge walilalamika sana kwamba wamenyang'anywa rungu lakini lawama wameachiwa.

Kwa hiyo diwani akikwambia "hiyo ni ya TARURA" anaweza kuwa anasema kweli. Kosa ni kuishia hapo. Kazi yake inaanzia hapo.

BARABARA ISIYO KWENYE ORODHA

Hapa tukae kidogo maana ndipo mitaa mingi inapokwama bila kujua.

TARURA hutengeneza barabara zilizomo kwenye orodha yake. Barabara yenye jina, urefu na namba ndiyo inayowekewa bajeti. Njia yenu ambayo mmeizoea miaka 20, inayopita magari ya mchanga na magari ya harusi, inaweza kuwa haipo kabisa kwenye karatasi. Kwa karatasi ni uchochoro, au ni kiwanja cha mtu. Mtandao uliokuwa unatambulika chini ya TARURA ulikuwa kama kilomita 108,946. Baada ya barabara kuhakikiwa na nyingine kuongezwa, mwaka 2021 ukafika zaidi ya kilomita 144,000. Maana yake kuna makumi ya maelfu ya kilomita ambazo watu walikuwa wanapita kila siku na hazikuwemo kwenye hesabu.

Swali la kumuuliza diwani kwenye mkutano basi lisiwe "greda linakuja lini?" Muulize hivi: "Mheshimiwa, barabara yetu imo kwenye orodha ya TARURA? Inaitwa nani? Imeandikwa urefu gani?" Kama hajui, apewe muda akaulize ofisi ya meneja wa wilaya na arudi na jibu. Kama haimo, kazi ya kwanza ni kuiingiza, na hilo linaanzia chini: mkutano mkuu wa mtaa unakubali, muhtasari unaandikwa, unapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kata inaomba rasmi.

Kwenye maeneo yaliyojengwa bila mpangilio, na Dar es Salaam yako mengi, kuna kikwazo kingine: upana. Greda linahitaji nafasi. Ukuta wa huyu umetoka nje, ngazi ya yule imeshuka hadi katikati, duka la mwingine limeweka kibaraza. Hapo hakuna TARURA wala diwani atakayefanya miujiza. Lazima majirani wakae wakubaliane nani anarudi nyuma kiasi gani, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Zoezi la urasimishaji wa makazi limesaidia baadhi ya mitaa kwenye hili, kwa sababu huwezi kupima viwanja bila kuacha njia. Lakini pale watu walipokubaliana kwa mdomo tu, mzee aliyetoa eneo akifariki watoto wanajenga tena. Haya yanatokea sana. Na siku nyumba inaungua, gari la zimamoto linabaki kule kwenye lami, linasikia kelele tu.

Diwani mwenye akili hutumia nguvu yake hapa zaidi kuliko kwenye kupiga simu za kuomba greda. Kuwakutanisha majirani wawili waliogombana ni kazi ambayo haihitaji bajeti.

HELA INATOKA WAPI?

Kuna Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa mwaka 1998, unaopata fedha zake zaidi kwenye tozo ya mafuta. Mgao uliozoeleka ni asilimia 70 upande wa barabara kuu na za mkoa, asilimia 30 upande wa barabara za wilaya. Linganisha sasa hiyo 30 na zile kilomita 144,000 hapo juu utaelewa kwa nini mtaa wako haujafikiwa. Mwaka 2021 bajeti ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo kijana wa bodaboda naye anachangia barabara kila anapojaza tenki, hata kama siku nzima anazunguka kwenye mashimo.

Halmashauri nayo inaweza kutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa barabara. HAPA DIWANI ANA SAUTI KAMILI, maana bajeti ya halmashauri inapitishwa na Baraza la Madiwani, na yeye ni mjumbe. Hapa hawezi kusingizia mtu. Kuna pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha zake si nyingi kwa barabara lakini kwa kalavati moja au daraja dogo la waenda kwa miguu zinaweza kutosha. Na mbunge naye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, hivyo wakigombana yeye na diwani, ujue kata ndiyo inaumia.

Wengine husema, "Mimi nalipa kodi ya jengo kwenye LUKU kila mwezi, iko wapi barabara yangu?" Kodi hiyo ilianza kukatwa kwenye umeme Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Haiendi kwenye akaunti ya kata. Kata haina akaunti ya kodi hiyo, na diwani hana sehemu ya kuichukua. Swali ni la haki kabisa, ila si la kumtupia yeye peke yake.

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Mapendekezo ya kata yanakusanywa miezi mingi kabla, halmashauri zinapitisha bajeti zao mwanzoni mwa mwaka na Bunge linakaa na bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Sasa wewe ukianza kulalamika Aprili, maji yakiwa magotini, bajeti inayofuata imeshapita ngazi yako. Utapata cha dharura tu kama kipo. Kelele za barabara zinatakiwa kupigwa Septemba, Oktoba, kipindi ambacho barabara ni kavu na hakuna anayekumbuka tope. Ni shida ya kibinadamu, lakini ndivyo mambo yalivyo.

GREDA SIO DAWA

Tuliseme hili wazi. Kule uswahilini greda limekuwa kama daktari bingwa, likionekana tu watu wanapona. Lakini greda likipita peke yake linakwangua udongo, linausambaza, linaondoka. Wiki mbili barabara inapendeza, halafu mvua ya kwanza inaisomba na barabara inabaki imeshuka kuliko nyumba. Ikishashuka inageuka mtaro. Tembea mitaa ya Mbagala au Kimara uone barabara zilivyo chini na milango ya nyumba ilivyo juu kama magorofa. Ni maji yaliyofanya hivyo, lakini kuchonga kila mwaka bila kuweka kifusi kumeyasaidia.

Barabara ya udongo au changarawe inayodumu inahitaji mambo matatu na yote ni ya maji. Iwe na mgongo, yaani katikati juu na pembeni chini, ili maji yasikae. Iwe na mitaro pande zote inayofika mahali fulani, sio mtaro unaoishia mbele ya nyumba ya mjane. Na kifusi kishindiliwe kwa mashine kikiwa na unyevu, sio kumwagwa na kuachiwa daladala zishindilie. TARURA wenyewe wanagawa kazi zao katika matengenezo ya kawaida, ya sehemu korofi na ya muda maalumu, ukiacha yale ya dharura. Kwa mitaa mingi ombi la busara ni la sehemu korofi: mita 60 pale bondeni na kalavati moja, badala ya kuomba kilomita mbili za lami ambazo hazitakuja. Ombi dogo lenye vipimo na picha lina nafasi kuliko barua ya "tunaomba barabara yetu itengenezwe".

Na nyie mnaojitolea kumwaga kifusi cha majengo, Mungu awabariki, lakini angalieni. Vigae vilivyovunjika na misumari vinamaliza matairi na miguu ya watoto. Kifusi kikizidi kinasukuma maji kwa jirani, na kesi inaanza. Mwambieni mtendaji kwanza, amuite fundi wa TARURA aje aangalie hata kwa dakika kumi.

Kuna hawa pia wanaokata barabara kupitisha bomba au waya. Anayekata barabara anatakiwa awe na kibali cha mwenye barabara na airudishe ilivyokuwa. Mkiona mtu anachimba usiku au Jumapili bila kibao chochote, mwiteni mwenyekiti wa mtaa aulize kibali HAPO HAPO. Kesho yake mtakuwa mnauliza shimo.

MTARO, TAKA NA VYOO

Hapa ndipo diwani hana pa kujificha, kwa sababu usafi na mazingira ni kazi ya halmashauri yake na Baraza ndilo linalotunga sheria ndogo. Sheria ndogo za usafi, za ada ya taka, za kuzuia biashara juu ya mitaro, zote zinapita mikononi mwa madiwani kabla hazijaenda kwa waziri. Kama sheria ipo na haitekelezwi, diwani amuulize mkurugenzi kwenye kikao. Kama haipo, alete hoja.

Mtaro ukiziba, chunguza umezibwa na nini. Mara nyingi ni chupa za plastiki, nguo kuukuu, mchanga kutoka kwenye barabara ile ile iliyochongwa, na kibaraza cha zege ambacho mwenye duka kaweka bila kuacha mfuniko wa kusafishia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni mosi 2019 na mitaro ikapumua kidogo, ila chupa zimebaki.

Halafu kuna hili ambalo watu wazima hawapendi kulisema mkutanoni: kutapisha vyoo. Mvua ikianza tu, baadhi ya wenye nyumba wanafungulia choo kiende na maji. Harufu inajulikana, mwenye nyumba anajulikana, lakini majirani wananyamaza kwa sababu ya ujirani. Kipindupindu hakijui ujirani. Desemba 9 mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru na kuagiza nchi nzima ifanye usafi, na sababu mojawapo ilikuwa kipindupindu kilichokuwa kinaua watu wakati huo. Kutoka hapo ndipo likaja agizo la usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mitaa mingine imelishika, mingine imebaki kufunga maduka hadi saa nne asubuhi na hakuna anayeshika jembe.

Diwani akitaka kujua kama kata yake ina uhai, aende bila taarifa Jumamosi hiyo. Atajua ni wenyeviti gani wa mitaa wanafanya kazi na ni yupi anasubiri kugonga muhuri wa barua za utambulisho.

Uchafu unaozolewa mitaroni uondolewe siku ile ile. Tumeshaona mara nyingi tope linatolewa linawekwa kando, mvua inalirudisha ndani. Hiyo ni hela ya vibarua imetupwa. Ada ya taka nayo, anayekusanya atoe stakabadhi, na mkandarasi au kikundi kisichopita wiki mbili kiulizwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa jina.

DIWANI KAZI YAKE NI IPI HASA?

Anachaguliwa kwa miaka mitano pamoja na Rais na mbunge, kama ilivyokuwa 2015, 2020 na 2025. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa kivyake mwaka mmoja kabla: 2014, 2019, 2024. Watu huwachanganya. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na mtendaji wa kata ndiye katibu. Wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Vipaumbele vya kata vinapangwa humo, na kama mwenyekiti wenu hahudhurii, barabara yenu haina msemaji. Baraza la Madiwani linakutana kila robo mwaka, na vikao vyake viko wazi kwa wananchi. Wangapi wetu tumewahi kwenda kukaa kule nyuma tukasikiliza? Nenda siku moja. Utashangaa nani anaongea na nani anasinzia.

Meneja wa TARURA huwa anatakiwa kueleza mipango na utekelezaji wake kwa halmashauri, na kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa ambako barabara zote hujadiliwa. Diwani hana amri kwa meneja, ila ana haki ya kuuliza na majibu yakaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Mwandishi huyu anaamini rungu hilo bado ni kubwa, tatizo wengi hawalitumii. Mtu anasubiri mbio za Mwenge zipite ndio akumbuke kuna daraja.

Taa za barabarani, miti, vibao vya majina ya mitaa, hayo yote yanapitia njia hiyo hiyo, hatuna haja ya kurudia.

MVUA IKISHAFIKA

Mwaka 2024 tuliona. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 ziliendelea hadi masika, na Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha na kaya na watu wapatao 200,000 wameathirika. Siku chache baadaye, Mei, kikaja kimbunga Hidaya na barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika. Hali kama hiyo TANROADS na TARURA wote wanakimbilia barabara kubwa, na mtaa unajikuta peke yake. Mgonjwa anabebwa kwenye kiti hadi lami. Bodaboda ya buku inakuwa buku tatu. Watoto wanavushwa mgongoni.

Kwa hiyo kata inatakiwa iwe na mpango wake kabla ya hapo, na diwani auitishe mapema. Kujua nyumba zipi zina wazee na wajawazito upande wa pili wa korongo. Kujua nani ana gari linalopita kwenye maji na namba yake ya simu. Kukubaliana shule ipi au msikiti upi au kanisa lipi litapokea watu. Kumjua fundi mwenye mbao za kivuko cha muda. Kuzuia watoto wasicheze kwenye mitaro, maana mtaro ambao jana ulikuwa na maji ya kifundo unaweza kumbeba mtu mzima.

Michango ikiitishwa kwa ajili ya haya, iandikwe, itolewe stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mbele za watu. Mwaka unaofuata mkiomba tena, atakayesimama kwanza kuuliza ni yule mama mwenye kanga begani, na ana haki.

Barua kwa TARURA iende kwa meneja wa wilaya kupitia mtendaji wa kata, nakala kwa diwani. Iwe na jina la barabara, mahali inapoanzia na kuishia, urefu wa sehemu mbovu kwa mita, picha za kiangazi na za mvua, na tarehe. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki mtaani. Isibaki kwa mwenyekiti peke yake, maana wenyeviti hubadilika.